Rafu za Mlimani: Historia ya Kazi za Wasomi Ambazo Hazikuwa Vitabu

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walianza kuwatafuta wazee wa kusini mwa Tanzania waliokuwa bado wanavikumbuka vita vya Maji Maji. Muda ulikuwa umebana. Kijana aliyekuwa na miaka 15 watu wa Nandete walipoanzisha vita hivyo kwa kung'oa pamba ya serikali ya Wajerumani, Julai 1905, sasa alikuwa mzee wa miaka 78, na kila mwaka uliopita uliondoka na mashahidi wake. Wanafunzi walibeba madaftari na orodha ya maswali yaliyoandaliwa na idara yao. Waliketi mbele ya wazee kama wajukuu, wakauliza nani aliyeleta maji ya dawa, ujumbe ulipitaje kutoka kijiji hadi kijiji, watu walikula nini mashamba yalipochomwa.

Walichorudi nacho hakikuwa kitabu. Kilikuwa mahojiano na ripoti za wilaya moja moja, zilizopigwa taipu na kunakiliwa kwa mashine ya stensili, kisha zikawekwa katika maktaba ya chuo. Kumbukumbu chache za vita hivyo zilichapwa katika kijitabu kilichohaririwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Nyingine zimebaki kwenye majalada hadi leo, na zaidi ya nusu karne baadaye hakuna mtafiti wa vita vya Maji Maji anayeweza kuzipita.

Kazi ya kitaaluma inapotajwa, wengi wetu tunaona kitabu chenye jalada gumu na jina la profesa. Makavazi ya vyuo vikuu yanatuonyesha sura pana zaidi. Humo mna miswada ya tendi kwa hati za Kiarabu, kanda za sauti, madaftari ya utafiti, tasnifu, ramani za vijiji, majarida ya wanafunzi, ripoti ambazo hazikupata mchapishaji na kadi za maneno yaliyokusanywa kwa ajili ya kamusi. Ukizifuatilia kazi hizo hadi zilikoanzia, utakutana na mwandishi wa hati wa Lamu, mzee wa baraza wa Bukoba, mwalimu wa madrasa wa Mombasa na mkulima wa Umatumbi. Usomi wa Afrika Mashariki ulijengwa na mikono mingi, na makavazi ndipo mahali ambapo alama za mikono hiyo bado zinaonekana.

Kutoka Lumumba hadi Mlimani

Chuo chenyewe kilianza kidogo sana. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima ambacho sasa kila mtu anakiita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Maktaba yake ilikua kwa njia mbili. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa miongoni mwa maktaba zilizopewa haki ya kisheria ya kupokea nakala ya kila kinachochapwa nchini. Njia ya pili ilikuwa ya kukusanya kwa makusudi: kupokea karatasi za watafiti na maofisa, kutuma watu kutafuta miswada, kuhifadhi kila utafiti uliofanywa chuoni. Ndipo ukazaliwa mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki, ambao watumiaji wa maktaba wanaujua kwa jina la East Africana. Mtu anayetaka kujua nchi hii ilivyojifikiria yenyewe katika miaka yake ya kwanza hawezi kukwepa kupanda mlima huo.

Miswada ya pwani

Sehemu ya kale zaidi ya hazina hiyo ni ya pwani. Kwa karne kadhaa kabla ya kuwapo chuo kikuu chochote katika eneo hili, Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu: tendi za vita vya Mtume, mashairi ya mapenzi na siasa, barua za biashara, mawaidha, vitabu vya fikihi na vya tiba. Miswada hiyo ilikaa majumbani, ikirithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na wasomi wa pwani waliinakili kwa mkono kila ilipochakaa.

Wageni walipoanza kuikusanya, walitegemea elimu ya wenyeji kwa kila hatua. Mfano mzuri ni Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliyetunga juu ya watawala wa Kimazrui, uhasama wao na Zanzibar, mapenzi, njaa na mambo ya mjini. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye mashairi yake yalikuwa bado yamo vifuani mwa watu, na aliyeyakusanya na kuyaandika ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Mwalimu Sikujua aliyapitia pamoja na mmisionari W. E. Taylor, akimweleza maana ya maneno na visa vilivyo nyuma ya beti. Karatasi za Taylor ziliishia London, katika chuo ambacho leo kinaitwa SOAS. Kutoka humo mtafiti William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka, iliyochapwa mwaka 1940 na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alichapisha Nairobi uchambuzi wake mpana wa mashairi hayo. Ukiitazama safari hiyo yote, kutoka kinywa cha mshairi hadi meza ya msomi wa Nairobi, utaona kwamba bila kalamu ya Mwalimu Sikujua pasingekuwa na cha kuchapa wala cha kuchambua.

Lamu kulikuwa na Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi wa hati aliyesifika kwa mkono wake mzuri. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 aliwanakilia tendi watafiti kama Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann, na mara nyingi aliongeza maelezo ya maneno na historia. Kazi zake leo zimetawanyika London, Hamburg na Berlin. Alikuwa mhariri na mchambuzi kwa maana kamili ya kazi hizo, ingawa kwa miaka mingi waliomtaja walimtaja kama mnakili tu.

Dar es Salaam iliingia katika kazi hii miaka ya 1960. J. W. T. Allen, Mwingereza aliyeishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kukijua Kiswahili kwa undani, alizunguka pwani akitafuta miswada ya kuhifadhiwa chuoni, na kurekodi kwa kanda wasomaji wa tendi. Hatua hiyo ya kurekodi ilikuwa ya maana kubwa. Utendi huandikwa ili uimbwe, na mahadhi yake hayaonekani katika karatasi. Orodha ya mkusanyiko huo, miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda, ilichapwa Leiden mwaka 1970. Tangu hapo mwanafunzi wa fasihi aliweza kusoma miswada ya pwani bila kukata tiketi ya ndege ya Ulaya, na walimu wa Mlimani wakapata cha kufundishia kutoka nyumbani.

Allen alifanya jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Mwaka 1903 mwalimu wa Kijerumani Carl Velten alitoa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na jina lake ndilo lililotawala jaladani. Maelezo mengi yaliyomo, ya uzazi, jando, ndoa, ngoma, madeni na mazishi, yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kurudi Afrika Mashariki mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilikataa kumruhusu mkewe ashuke, wakarejea Ujerumani, na huko Mtoro akafariki mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza aliyoiandaa Allen ilichapwa California mwaka 1981, baada ya kifo chake, na safari hii jina la Mtoro lilikuwa mbele, mahali pake.

Karatasi zilizogeuka sheria

Rafu nyingine za Mlimani zimebeba karatasi za Hans Cory. Alizaliwa Austria mwaka 1888, akaishia kuwa mtaalamu wa serikali ya Tanganyika wa masuala ya mila. Kwa miaka mingi aliketi na wazee wa Usukuma, Buhaya na kwingineko akiandika kanuni za ndoa, mahari, ardhi na urithi. Aliandika pia juu ya ngoma, waganga, wacheza nyoka na picha wanazochora kwenye kuta, na vinyago vya udongo vinavyotumika unyagoni. Kitabu cha sheria za Wahaya alichotunga na mwenzake Hartnoll kilitoka mwaka 1945, na cha Wasukuma mwaka 1953.

Uhuru ulipokuja, Cory alishiriki kuanzisha kazi ya kuziunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Alifariki mwaka 1962, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza kanuni hizo rasmi. Hapo maneno yaliyotamkwa barazani, na ambayo wazee wangeweza kuyajadili na kuyageuza kadiri ya shauri, yakawa vifungu vya tangazo la serikali. Kimojawapo kinasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Matunzo yake yanaachwa kwa watoto wake.

Vifungu hivyo vimeitesa mahakama kwa miongo mingi. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo ilipingana na haki za binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kuwa Tanzania ilikuwa imewakosea wajane kwa kuendelea kuziacha kanuni za urithi za mwaka 1963.

Karatasi za Cory zina uzito kwa sababu hiyo. Kitabu cha sheria hutoa kanuni iliyokwisha kukatwa. Maandishi ya utafiti hutuwezesha kuuliza kanuni ilitoka wapi: ni akina nani walioulizwa, walikuwa wanaume wangapi na wanawake wangapi, walikubaliana au walibishana, na ubishi huo ulikwenda wapi kanuni ilipopigwa taipu. Wakili anayetaka kujua kama mila fulani ni ya kale kama inavyodaiwa, au ni ya kikao kimoja cha wakati wa Mwingereza, atapata pa kuanzia humo.

Pamoja na za Cory kuna karatasi za Henry Fosbrooke, ofisa wa kikoloni aliyekuwa pia mwanasosholojia wa serikali, kisha mhifadhi wa Ngorongoro. Wakati huu ambapo mabishano juu ya Wamasai na ardhi ya Ngorongoro yamekuwa makali, kumbukumbu za mtu aliyekuwapo hifadhi ikijengwa zina kazi ambayo mwenyewe hakuiwazia.

Vita vilivyosomwa upya

Turudi kwenye majalada ya Maji Maji, kwa kuwa hapo ndipo tunapoona vizuri zaidi jinsi kumbukumbu inavyoendelea kutoa majibu. Kabla ya mradi ule wa 1968 na 1969, aliyetaka kuandika juu ya vita hivi alikuwa na maandishi ya Wajerumani, yakiwemo ya gavana Götzen mwenyewe, aliyetoa kitabu chake mwaka 1909. Kulikuwa pia na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotolewa mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Sauti za wakulima waliopigana zilikuwa chache mno.

Mahojiano ya wanafunzi yaliijaza nafasi hiyo. Gwassa, ambaye baadaye alikamilisha tasnifu yake ya udaktari Mlimani mwaka 1973, alionyesha jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyowaunganisha watu wa koo na lugha mbalimbali kwa imani ya maji, kabla Wajerumani hawajamnyonga huko Mohoro, Agosti 1905. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Gwassa alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyoletwa na askari kuchoma vyakula na mashamba. Katika miaka hiyohiyo, kilimani hapohapo, Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari.

Watafiti wa miaka ya 1990 na 2000 walirudi kwenye kumbukumbu za vita na kuuliza maswali mapya. Thaddeus Sunseri alieleza kuwa Uzaramo kulikuwa na mvutano wa wanaume na wanawake, njaa, na nguruwe mwitu waliokula mashamba huku serikali ikizuia uwindaji. Alionya pia kwamba wasomi wa miaka ya 1960, waliokuwa na kiu ya kuonyesha chimbuko la taifa, waliuliza zaidi juu ya umoja na viongozi, na kuyaacha pembeni yaliyotofautisha mahali na mahali. Onyo hilo ni la haki. Lakini liliwezekana kwa sababu majalada yalikuwapo. Orodha ya maswali ilihifadhiwa pamoja na majibu, kwa hiyo msomaji wa leo anaweza kuona swali lilimsukuma mzee upande gani, na pia pale mzee alipolikataa swali akasema lake. Kitabu kinapokosolewa hujibiwa na kitabu kingine. Ushahidi wa awali, ukiwa salama, humruhusu kila msomi mpya kuanza tena kutoka mwanzo.

Karatasi za wanafunzi na za vijiji

Novemba 1969 wanafunzi wa kundi la kimapinduzi la Mlimani walitoa toleo la kwanza la jarida la Cheche. Walilihariri Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, na lilitolewa kwa stensili. Kundi hilo liliwahi kuongozwa na Yoweri Museveni, aliyekwenda hadi maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO nchini Msumbiji na kuandika alichokiona katika insha iliyochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha chuoni hapo na ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alikuwa karibu nao. Mwaka 1970 Cheche ilitoa uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, na Novemba mwaka huo jarida likapigwa marufuku. Miezi michache baadaye lilifuatiwa na jingine, MajiMaji.

Karatasi za aina hiyo ndizo za kwanza kutupwa. Hazina jalada gumu, wino wake unafifia, na aliyezisoma kitandani bwenini hakuzihesabu kuwa urithi. Lakini mabishano makuu ya miaka kumi ya kwanza ya Azimio la Arusha yamo humo, yakiwa bado ya moto, kabla waandishi wake hawajawa mawaziri, maprofesa na marais.

Aina nyingine ni ripoti za utafiti. Mwaka 1967 chuo kilianzisha ofisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, BRALUP. Watafiti wake walizunguka vijiji wakiandika juu ya maji, mvua, malisho, mazao na makazi, na kuchora ramani, katika miaka ileile ambayo nchi ilikuwa ikielekea kwenye vijiji vya ujamaa. Marja-Liisa Swantz na wenzake walijaribu humo njia ya utafiti inayowafanya wanakijiji watafiti wenzao, njia iliyokuja kufuatwa mbali na Tanzania. Anayechunguza leo mabadiliko ya tabianchi anazihitaji taarifa hizo za miaka 50 iliyopita kuliko hotuba nyingi za wakati huo.

Kisha kuna tasnifu, maelfu kwa maelfu katika vyuo vya eneo hili zima. Mwanafunzi hukaa miaka katika wilaya moja, akaandika juu ya sumu ya mihogo, nyimbo za harusi, mikopo ya wavuvi au viambishi vya lugha ambayo haijapata kuwa na kamusi. Tasnifu hujadiliwa, mwanafunzi huhitimu, na nakala huwekwa rafuni. Mara nyingi ndiyo maelezo marefu pekee yaliyoandikwa juu ya jambo hilo. Idara ya Kiswahili ya Mlimani, iliyoanza mwaka 1970 na kufundisha kwa Kiswahili chenyewe, iliongeza jambo la pekee: tasnifu ambazo mkulima au mvuvi anayezungumziwa anaweza kuzisoma.

Kadi za maneno

Urithi wa lugha ulikuja Mlimani ukiwa tayari na historia yake. Kamati ya lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza tarehe 1 Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Ilihamahama kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuingizwa chuoni mwaka 1964. Mwaka 1970 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, ni kitabu ambacho kiko katika shule nyingi. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kuchambua maandishi, kuorodhesha maneno na kubishana juu ya maana. Jarida la Kiswahili, lenye mizizi katika taarifa za Kamati zilizoanza mwaka 1930, na Mulika, iliyoanza mwaka 1971, yanaonyesha mabishano hayo hatua kwa hatua. Anayeshangaa kwa nini neno fulani liliingizwa katika usanifu na jingine likaachwa lahajani atayakuta majina ya waliolipigania na waliolipinga.

Joto, mchwa na moto

Hazina hii inaishi katika mazingira yasiyoihurumia. Karatasi ya stensili ina tindikali inayoila kutoka ndani. Joto na unyevu wa pwani huharakisha kazi hiyo, huleta ukungu, na mchwa hawachagui kati ya gazeti la jana na mswada wa karne ya 19. Filamu na baadhi ya kanda za zamani zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na ikifika hapo muda uliobaki wa kuziokoa ni mfupi. Hata kanda nzima huwa bubu ikiwa mashine ya kuichezea imetoweka madukani.

Moto nao hautoi taarifa. Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021 moto wa porini kutoka miteremko ya Table Mountain uliufikia ukumbi wa Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Vitabu na machapisho yapatayo 70,000 ya mkusanyiko wa masomo ya Afrika yaliteketea. Madaftari ya Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, yaliyoandikwa tangu miaka ya 1870 kutoka vinywa vya wasimulizi wa /Xam, lugha ambayo leo haina msemaji, yalinusurika, na kwa bahati yalikuwa yamekwisha kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni miaka kadhaa kabla. Vilivyohifadhiwa sehemu mbili vilikuwa na maisha mawili. Vilivyoungua vikiwa na nakala moja tu vilikwenda na moshi.

Dar es Salaam ina jengo jipya. Maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 ina uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Nafasi imepatikana. Kazi iliyobaki ni ya watu: wahifadhi waliosomea kutengeneza karatasi iliyochakaa, mafundi wa kanda, wasomaji wa hati za Kiarabu, na bajeti ya kila mwaka ambayo haikatwi mara tu fedha zinapopungua. Vyuo vingi vya eneo hili tayari vinaweka tasnifu mpya mtandaoni, na SOAS, kupitia mradi ulioanza mwaka 2001 ambapo Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alifanya kazi kubwa ya kuorodhesha, iliifungua miswada yake ya Kiswahili kwa yeyote mwenye intaneti. Njia ya kufuata inajulikana.

Deni kwa waliosema

Kuna jambo moja ambalo mashine za kunakili haziwezi kulifanya zenyewe. Kwa muda mrefu orodha za makavazi zimepangwa kwa jina la aliyekusanya: karatasi za Taylor, za Hichens, za Cory. Mwalimu Sikujua, Muhamadi Kijumwa na wazee wa mabaraza ya Usukuma hutajwa ndani, kwa herufi ndogo, au hawatajwi kabisa. Orodha mpya za kidijitali zinatupa nafasi ya kurekebisha hilo kwa gharama ndogo. Kila mswada uorodheshwe kwa mtunzi, mwandishi wa hati, msimulizi na mji wake, na sio kwa mkusanyaji peke yake. Mjukuu wa Lamu akitafuta jina la babu yake alipate.

Na makavazi yashuke mlima. Ripoti za wanafunzi wa 1968 zina nafasi yake katika shule za Kilwa, Songea na Mahenge, kwa Kiswahili, kwa sababu ni wazee wa huko waliozitunga kwa vinywa vyao. Maandishi juu ya mila za Buhaya na Usukuma yawafikie wanaobishana leo juu ya urithi na ardhi Bukoba na Shinyanga. Nakala za kanda za tendi zirudi pwani zilikorekodiwa, vijana wanaojifunza mahadhi wazisikilize. Vyuo vikuu vyetu vinafanya mikutano mingi juu ya kuwarudishia wananchi elimu. Hapa elimu ipo tayari, imekwisha kufanyiwa kazi, na ilianza kwa wananchi hao hao. Kuwarudishia, wakiwa na majina yao, ni wajibu wa chuo ambao hauhitaji utafiti mpya.